Silinda ya Saba

Baba alinunua puli ndogo kuliko ile ya zamani,
ndogo kama kisahani cha kikombe cha kahawa,
akaifunga puani mwa supachaja, akasema:
"Sasa itapumua."
Hiyo ni miaka miwili nyuma, Port Augusta,
gereji ya bati, joto nyuzi arobaini na mbili.
Mimi nilishika tochi. Sikuuliza
atakula nini huyu mwenye mapafu mapya.

Puli ikipungua, supachaja huzidi mbio.
Hewa haiingii tena kwa hiari yake,
hushindiliwa, kama gunia linalokanyagwa kwa miguu
ili lipokee debe moja la ziada.
Pauni nane zikawa kumi na nne.
Lakini pampu ya mafuta ilikuwa ileile,
ya gari la kupeleka watoto shule,
na waya wake mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo.

Hewa tele, mafuta haba:
moto ukikosa chakula chake hula chombo.
Ulikula pistoni.
Nilipofungua kichwa cha injini nilikuta tundu
la kupitisha kidole gumba,
kingo zake zimelegea kama nta.
Clem Petschel, ambaye masikio yake yaliachwa kwenye mashine
kabla sijazaliwa,
alitia kidole humo, akakizungusha,
akaenda kunywa chai.

Mwaka mzima kazi yangu ikawa kulisha.
Pampu mbili, pacha, ndani ya tangi moja.
Waya mnene kama kalamu, moja kwa moja toka betri.
Bomba la nusu inchi chini ya sakafu.
Nozeli nane mpya, kila moja nikaikinga kwa chupa,
sekunde thelathini, kisha juu ya mizani ya jikoni —
mama akaikuta inanuka petroli,
tukala keki zenye lawama hadi Pasaka.
Wanaume wa dukani waliniuliza: nguvu za farasi wangapi?
Hakuna aliyeuliza farasi hao wanakula wapi.

Machi, ziwa Gairdner.
Ziwa lisilo na tone, chumvi tu,
nyeupe mpaka unafumba macho na bado unaiona.
Watu wa Adelaide wana magari membamba kama penseli.
Sisi tuna pikapu ya mwaka sabini na moja,
rangi ya maziwa yaliyolala.

Gia ya tatu. Supachaja haingurumi,
inalia wembamba, kama msumeno ulioona mbao mbali.
Mia mbili na sitini.
Geji ya mafuta imesimama kama mlinzi siku ya mkaguzi.
Gia ya nne. Sabini. Themanini.
Na bendera ya mwisho naiona, naapa naiona,
ndipo sindano ikatikisika —
kidogo tu, kama kope za mtu anayejifanya amelala.

Nikainua mguu.

Baba alikuja kwa miguu, chumvi ikivunjika chini ya buti.
"Ilikuwa inakwenda!" alipaza sauti, kama apazavyo kila neno.
"Ilikuwa inakwenda, Rhonwen!"
Sikujibu. Nilitandaza taulo,
nikafungua plagi zikiwa bado za moto,
nikazipanga kwa namba.
Zote kahawia, rangi ya biskuti iliyoiva,
isipokuwa ya saba.
Ya saba ilikuwa nyeupe kama ardhi tuliyosimama,
na juu ya kauri yake vitone vya kung'aa,
vidogo kuliko sukari:
pistoni ikianza kuaga.

Alivaa miwani. Alivua. Akaivaa tena.
"Reli ya mafuta," akasema, na safari hii kwa sauti ya chini,
"umeilisha upande mmoja.
Wa mwisho anapata mchuzi, nyama imeshaliwa."
Aliiweka plagi mfukoni mwa shati,
ikamchoma, hakuitoa.
"Najua. Kwetu tulikuwa wanane.
Mimi wa saba."

Usiku tulikata bomba jingine kwa taa ya kichwani.
Yeye alishika tochi.